Kizibo cha Mashua ya Papa

Baada ya matanga ya Mama tulianza kusafisha jiko lake, na kazi ile ilinishinda nilipofika kwenye dumu la mawese. Lilikuwa dumu la kawaida, jeusi kwa moshi, lililokaa kando ya mafiga tangu mimi ni msichana. Mdomo wake ulizibwa kwa kipande cha shaba chenye unene wa kidole gumba cha mtu mzima, chenye nyuzi kama za skrubu na kichwa cha pembe nne. Nilikizungusha, kikatoka, nikakinusa. Juu kulikuwa na harufu ya mawese. Chini yake, baada ya miaka yote ile, ilibaki harufu kidogo ya grisi. Nikakaa chini palepale penye majivu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na mke wa mdogo wangu akadhani ninamlilia Mama.

Labda nilimlilia kweli. Lakini zaidi nilikuwa na hasira, hasira ya zamani iliyokaa miaka mingi imefunikwa vizuri na mafuta.

Ninyi mliokuwa watoto wakati wetu, mji wetu huu wa kando ya ziwa ulipokuwa bado unaitwa Albertville, mnaikumbuka mashua iliyotembea barabarani. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza iliteremka kutoka kilimani kwa wazungu ikivutwa na jeep, imekaa juu ya remorke, ile tela ya magurudumu mawili, nyeupe na mstari wa buluu ubavuni. Mama zetu waliokuwa wakiuza kando ya njia waliinua mabeseni yao ya ndagaa kuipisha. Sisi watoto tulikimbia nyuma yake tukipiga kelele, kwa maana kwetu mashua ilikuwa kitu cha kukaa majini au kulala kwenye mchanga mpaka kioze. Kuiona ikipelekwa ziwani kwa gari kama bibi arusi, kisha jioni ikirudishwa nyumbani, ilikuwa sinema ya bure. Na aliyeshika usukani wa ile jeep alikuwa Papa yangu.

Papa alikuwa dereva bandarini. Mashua ilikuwa ya musiyu, mzungu mkubwa wake wa kazi, aliyependa kuvua sangala kuliko alivyompenda mtu yeyote. Kuivuta remorke kwenda mbele, kila dereva aliweza. Kuirudisha nyuma mpaka majini ilikuwa elimu nyingine. Ukitaka mkia wake uende kushoto, sharti uanze kwa kuzungusha usukani kulia. Ukikosea, remorke inakukatalia na kujikunja kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Niliona madereva wa malori, wanaume wa misuli na majivuno, wakitokwa jasho mbele ya watoto wanaowacheka. Papa alifanya kwa mkono mmoja, mwingine ameuegemeza ubavuni mwa jeep, uso wake unatazama huku na mzigo unakwenda kule. Nilimwona kuwa mtu wa ajabu. Ingenifaa nimwogope kidogo.

Kabla ya kuingiza magurudumu majini tulisubiri. Mwendo wa kutoka kilimani ulichemsha vikombe vya katikati ya magurudumu, mahali panapokaa grisi, na Papa alisema chuma cha moto kikitumbukizwa kwenye maji baridi kinayanyonya maji mpaka ndani na kuharibu kila kitu. Basi kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kuweka kiganja juu ya kikombe cha gurudumu. Papa aliuliza kama kinachoma. Nikijibu kwamba kinachoma, tulisubiri, na musiyu mwenyewe, mkubwa wa bandari, alivuta sigara yake na kusubiri kwa sababu mimi nimesema. Grisi ya moto, kamba mbichi, maji ya ziwa asubuhi: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine wana harufu ya mkate.

Halafu kulikuwa na kizibo. Chini kabisa, nyuma ya mashua, kulikuwa na tundu. Jioni mashua ilipopandishwa kutoka majini, Papa akizungusha mkono wa winchi na kamba ikilia, musiyu alikifungua kizibo, na maji yote yaliyoingia siku ile yalitoka kwa mrija mmoja mrefu, yakiwa na magamba ya samaki na damu kidogo. Niliweka kidole kwenye tundu na kukitoa, kukiweka na kukitoa, mpaka yaishe. Asubuhi kizibo kilirudishwa kabla ya mashua kugusa maji. Musiyu alikitunza katika mfuko wa shati, na Papa alinitafsiria maneno yake: bila bushoni hii, hakuna mashua. Bushoni ndilo jina tulilolitumia sote.

Niliyaamini maneno yale kwa sababu niliona kwa macho. Jumapili moja musiyu alikuwa na wageni, akacheka sana, akasahau. Mashua ikateremka kwenye remorke, ikaelea vizuri, wageni wakapanda na kofia zao, na kabla injini haijawaka mama mmoja wa kizungu akapiga kelele kwamba miguu yake imelowa. Nyuma ya mashua ilikuwa inazama kwa uzito wa injini. Papa aliruka majini na viatu vyake. Wanaume wote waliokuwa pale ufukoni walishika kamba wakaivuta mashua mpaka juu ya remorke, nayo ikawa inamwaga maji kwa tundu lile. Musiyu alisimama akikipapasa kizibo chake mfukoni, mwekundu kama pilipili. Baada ya siku ile kwangu hapakuwa na jambo lililo wazi zaidi: mashua ile bila kizibo kile ni kifo.

Angalia ujinga wa mtoto. Mitumbwi yote ya pale mtoni Lukuga ilikuwa na matundu, na matundu yote yalizibwa kwa kijiti na kitambaa. Niliyaona kila siku ya maisha yangu. Lakini ile ilikuwa mitumbwi yetu tu. Mashua ya musiyu niliidhania kuwa kitu cha namna nyingine, yenye kanuni zake, na kanuni hizo nilizipata kwake mwenyewe.

Wazungu walipoanza kuondoka, musiyu naye aliondoka kwa meli, na masanduku yake mawili na mbwa. Nyumba aliifunga, ingawa ilifunguliwa na wengine baada ya siku chache. Mashua na remorke alimwachia Papa, amtunzie mpaka atakaporudi. Papa aliileta nyumbani kwetu, akaijengea paa la majani pembeni ya uwanja, karibu na mpera. Jioni ile aliniita. Alikuwa amefunga kizibo kwa uzi wa nyavu, akanivisha shingoni mbele ya majirani waliokuja kuitazama mashua.

"Feza," akasema, "hii bushoni njo roho ya mashua. Mwenye kuishika hawezi kuachwa."

Majirani walicheka kwa wema. Mimi sikucheka. Wasichana wengine walikuwa na shanga na hereni. Mimi nilikuwa na roho ya mashua, baridi asubuhi na ya uvuguvugu mchana, ikinigonga kifuani nikikimbia. Shuleni sista mmoja alitaka nikivue, nikamwambia kwamba Papa yangu amenikataza, akaniacha.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru ilikuwa na misukosuko yake, lakini sisi tulikuwa na mashua. Papa aliendelea kuendesha jeep ya bandari, na Jumapili zenye mafuta alitushusha ziwani sote, Mama na kitambaa chake kizuri, mdogo wangu mgongoni mwa Mama. Mimi ndiye niliyezungusha kizibo kwenye tundu, Papa akakaza kwa koleo. Kuku mmoja wetu mwekundu alichagua kutagia ndani ya mashua, chini ya benchi la mbele, na hatukumfukuza. Mafuta ya petroli yakawa adimu, Papa akaweka akiba katika madumu chini ya kitanda chao, na nyumba nzima ikanuka injini. Mama hakupenda ile harufu. Alisema tutalala hai na kuamka majivu. Papa alimwambia avumilie, siku moja yale madumu yatatuokoa wote.

Kisha vita vikaja. Habari zilitangulia kabla ya bunduki, kama kawaida. Kila nyumba ilihesabu watu wake na mahali pa kukimbilia. Kaka yake Mama, mjomba wangu, alikuwa na lori, na alifika kwetu mchana mmoja akielekea kusini, Moba, akiwa amejaza ndugu na magodoro. Alituwekea nafasi yetu. Mama alikuwa amekwisha kufunga vitu katika vitenge, mafundo makubwa mawili mlangoni.

Papa hakukasirika. Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, polepole, kidole kimojakimoja.

"Barabara iko na baryeri ya askari," alimwambia Mama. "Wanaume wanashushwa, hawapande tena. Maji haina baryeri. Upepo ukitulia tunaenda Kigoma, sisi wote."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimezoea watu wazima kutazamana, sikujua kwamba kutazama huku kulikuwa kuuliza. Mjomba alipiga honi. Mama hakusogea kwenda mbele wala nyuma, na mimi, kwa akili zangu zote, nikaona kinachompungukia ni uhakika, na uhakika ninao mimi. Nikakiinua kizibo mbele ya macho yake.

"Mama, hawezi kutuacha. Bushoni iko na mimi."

Papa alicheka, akanishika kichwa kwa mkono wake wenye maji. Mama aliinama akaanza kufungua mafundo. Mjomba alisema kwamba tutakutana Mungu akipenda, lori likaondoka na vumbi lake, na katika lori lile ilibaki nafasi ya watu watatu ambayo ilijazwa na wengine kabla halijafika kwenye kona.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na kuku. Alikuwa anazunguka uwanjani akilalamika, akienda na kurudi chini ya paa la majani, akitafuta mahali pake pa kutagia. Hapakuwa na mashua. Hapakuwa na remorke wala jeep. Chini ya kitanda cha Mama hapakuwa na madumu, na Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba amejifunga kitenge bila kukikaza. Alimbeba mdogo wangu, akanishika mkono, tukaenda ziwani kwa haraka bila kukimbia, maana watu walikuwa wanatazama.

Jeep ilikuwepo, pua inatazama nchi kavu. Nyuma yake remorke ilikuwa majini, maji yamefunika vikombe vya magurudumu, na kamba ya winchi inaelea imelegea. Hakuna aliyekuwepo siku ile wa kuuliza kama vinachoma. Juu ya remorke hapakuwa na kitu. Ziwa lilikuwa tulivu kabisa, mpaka mwisho wa macho, na hapakuwa na alama ya kitu chochote.

Niliweka mkono kifuani. Kizibo kilikuwepo.

Mimi nilielewa mara moja, na nilielewa vibaya. Papa amesahau. Kama musiyu siku ile ya wageni, Papa ametangulia kuijaribu injini kabla ya kutuita, akasahau bushoni, na safari hii hapakuwa na watu ufukoni wa kuvuta kamba. Mashua imejaa maji kule mbali. Nililia nikaingia majini mpaka kiunoni, nikiita Papa, nikiinua kizibo juu ili akione na arudi kukichukua. Wavuvi waliokuwa wakitandaza ndagaa waliacha kazi yao wakaja mbio. Nakumbuka sauti yangu mwenyewe, sikuwahi kuisikia hivyo kabla ya hapo na sijaisikia tena.

Nakumbuka pia jambo jingine, ambalo wakati ule halikuwa na maana. Kwenye chuma cha remorke, mahali ambapo mtu anaweza kukaa, na kwenye mchanga chini yake, kulikuwa na vibanzi vya mti, vyembamba, vyeupe, vimejikunja, kama vinavyotoka kwenye kisu cha mtu anayechonga taratibu. Mama aliviona. Kabla wavuvi hawajafika aliinama, akaviokota vyote hadi cha mwisho, akavifunga kwenye ncha ya kitenge. Nyumbani aliwasha navyo moto. Vilikuwa vibichi, vikatoa moshi mwingi, na majirani waliokuja kutupa pole walimkuta Mama amepiga magoti mbele ya mafiga, machozi yanamtiririka mashavuni.

Wavuvi wana akili zao. Mmoja wao, jirani yetu aliyekuwa akishika kamba na Papa mara nyingi, alikuja jioni akasimama mlangoni, anageuzageuza kofia yake. Alisema, bila ubaya, kwamba jambo hili halimwingii kichwani. Mashua ya mbao haizami kama jiwe. Hata ikijaa maji, kipande chake kitaonekana, na wao wamezunguka mchana kutwa wasione hata ubao. Watu waliokaa uwanjani walisogea karibu. Mvuvi alikuwa anamtazama Mama.

Mama hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Muulizeni Feza," akasema. "Bushoni iko na yeye."

Nikaionyesha. Nilikuwa nimevimba macho, nikaeleza kwa kwikwi jinsi ile mashua isivyoweza kuelea bila kitu hiki, jinsi nyuma inavyozama kwa uzito wa injini, jinsi nilivyolala nacho shingoni na Papa hakutaka kuniamsha. Mvuvi yule alivaa kofia yake, akaivua tena, akasema pole, mwanangu. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakampokea. Hivyo ndivyo Papa alivyokufa.

Tulikaa matanga bila maiti. Siku zile kila nyumba ilikuwa na mtu asiyejulikana aliko, na watu hawakuwa na cha kutoa, lakini walitoa. Waliokuwa na muhogo walileta muhogo. Waliokuwa na unga walileta unga katika mabakuli yaliyofunikwa, na hata baada ya matanga waliendelea kuleta, kwa sababu mjane mwenye watoto haachwi alale njaa. Bunduki zilipofika mjini, wavuvi walitupitisha msituni pamoja na familia zao, wakambeba mdogo wangu kwa zamu. Tukarudi, nyumba ikiwa bado imesimama, na mabakuli yakaanza kuja tena.

Mimi nilikuwa nimeacha kula samaki. Nilifikiri juu ya walichokula wao. Huko kwetu, kuacha samaki ni kuacha chakula, na nikakonda mpaka Mama akawa ananifumba pua anitie ndagaa mdomoni. Alinibembeleza akisema ndagaa ni wadogo mno, hawali watu. Fikirini hilo. Alikuwa anajua, na alikaa pale na kijiko mkononi akinieleza ni samaki gani hawajamla baba yangu.

Niliamini kwamba nimemuua. Sikumwambia mtu, na hakuna aliyeniambia kwamba sivyo. Nilikivaa kizibo mchana na usiku kama adhabu. Kwenye kanisa niliombea kila kitu isipokuwa mimi.

Njia ya ziwa ilipofunguka, wafanyabiashara wa ng'ambo wakaanza tena kuvuka. Mama alikuwa akiuza ndagaa wakavu karibu na bandari, na mimi nikimsaidia kuwachambua kutoka kwenye mchanga. Siku moja mama mmoja wa Ujiji, mtu mnene mcheshi aliyekuja na sabuni na chumvi, alikaa kwenye kibao chetu kupumzika. Akakiona kizibo shingoni mwangu, akacheka.

"Tazama, na huyu naye ana kizibo," akasema. "Kwetu Kigoma yupo mtoto wa kiume amevaa hivyohivyo, ila chake cha mti. Baba yake ni mtu wa huku kwenu, fundi kweli wa kushusha mashua majini, anairudisha tela kwa mkono mmoja. Mtoto ukimwomba hicho kizibo anakataa. Anakwambia mwenye kukishika haachwi."

Aliendelea na mambo ya bei ya sabuni. Sikusikia. Nilikuwa nimemgeukia Mama, na nilichokitaka kwake kilikuwa kidogo sana: ashtuke. Adondoshe ndagaa, ashike kichwa, aseme Papa ni muzima. Ningemrukia shingoni. Mama alikuwa anachambua. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jiwe jingine, akalitupa. Mikono yake ilikuwa na haraka ileile ya kila siku.

Nilingoja mpaka mama wa Ujiji akainuka na kwenda zake. Nikamuuliza kama alijua.

"Tangu ile asubui," akasema. "Tawi la mupera lilikatwa, na vibanzi vilikuwa pale kwa remorke. Alikaa akachonga bushoni ingine. Muti ukilowa unavimba, unaziba kupita ile yenu."

Aliyasema yote bila kuinua macho. Kulikuwa na mwanamke ng'ambo ya Lukuga, akaniambia, na mtoto wa kiume. Alijua habari zao zamani. Hakujua kwamba katika mashua wataenea wao, sisi hatutaenea.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha nilie vile, miezi yote ile, na samaki, na kila kitu. Hapo ndipo alipoinua macho, na sikuona aibu ndani yake. Niliona uchovu.

"Ungejua, haungelia vile," Mama akasema. "Na wangeona. Mujane watu wanamuletea unga. Muke mwenye kuachwa wanamuletea maneno. Mulikula nini, Feza, wewe na mudogo wako?"

Tulikula unga. Nilijua ladha yake. Tulikula unga wa majirani ulionunuliwa kwa machozi yangu, na machozi yalikuwa halali kabisa, kila tone, ndiyo maana yalipokelewa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimevikwa changu shingoni kwa uzi wa nyavu, mbele ya watu wakicheka.

Papa nilimchukia kwa urahisi. Nilimwona amekaa kwenye chuma cha remorke alfajiri ile, kisu mkononi, anachonga. Kizibo hakichongwi haraka. Unachonga, unajaribu kwenye tundu, unatoa, unachonga tena. Muda wote ule nyumba yetu ilikuwa nyuma yake, mwendo mfupi, na mimi nimelala ndani. Angeweza kuja kukichukua cha shaba. Hakutaka kuniamsha, maana ningeamka nikifurahi, nikiuliza kama tunaenda. Na kile cha mti alipokimaliza na kuvuka nacho, akamvisha yule mtoto, na maneno yake yaleyale. Alikuwa na neno moja tu la upendo, na alilitumia kwa kila aliyehitaji kunyamazishwa.

Mama kumchukia kulinishinda, na hilo ndilo lililoniuma kwa muda mrefu zaidi. Ningetaka niwe na mtu mmoja aliyenitendea vibaya na mmoja wa kumlilia. Mama alininyang'anya hata hilo. Kila nilipotaka kumkasirikia nilikuwa nimeshiba.

Nilikivua kizibo jioni ile. Nilikwenda mpaka mlangoni nikitupe chooni, na Mama akaninyang'anya mkononi. Dumu la mawese lilikuwa na gunzi la mahindi mdomoni, lililooza na kuvuja. Alilitoa, akajaribu kizibo cha shaba, akakizungusha. Kilikaa sawasawa. Akalitikisa dumu, akaliinamisha, hapakuvuja hata tone. Akaendelea kupika. Tangu siku ile hatukuzungumza tena habari za Papa, mimi na yeye, mpaka tulipomzika mwezi uliopita.

Sasa huyu mdogo wangu. Yule aliyekuwa mgongoni siku zile ni mwanamume mwenye mvi. Mtoto wake wa kwanza amempa jina la Papa. Kila mwaka siku ya kuombea marehemu anapeleka jina hilo kwa padri, na wajukuu zake anawasimulia jinsi babu yao alivyozama ziwani akiijaribu mashua ili awaokoe watu wake na vita. Anasimulia vizuri. Ameongeza upepo, ameongeza mawimbi, mimi hukaa palepale nikisikiliza. Kwa hesabu ya umri Papa amekwisha kufa kweli huko aliko, na sala za mdogo wangu ama zimemkuta au zilimtangulia.

Alinikuta vilevile, nimekaa kwenye majivu ya jiko la Mama, kizibo mkononi. Akachuchumaa mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kumlilia Mama, na kwa pembeni, akiwa amechoka hivyo, alifanana na Papa kiasi kwamba niligeuza uso. Akakichukua kizibo kwenye kiganja changu, akakigeuza, akazipitisha kucha zake kwenye zile nyuzi za skrubu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Kwake roho ya mashua ilizama na mashua. Hivyo ndivyo hadithi yake inavyokwenda.

"Yaya," akaniuliza, kwa jina tunalomwita dada mkubwa, "hii bushoni ilitokea wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu tayari, tangu vikombe vya magurudumu mpaka vibanzi, miaka yote ile nimekipanga. Akanitazama, akingoja, kama mtu anayeamini kwamba atakachoambiwa ndicho.

"Ni ya mafuta," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Akakizungusha mdomoni mwa dumu, akakikaza kwa mkono, akaliinamisha kuona kama linavuja. Halikuvuja. Akalibeba hadi kwenye gari lililokuja kuchukua vyombo vya Mama, akakaa, akalisimamisha vizuri katikati ya miguu yake lisianguke.